Shajara ya mazoezi ya gofu nyumbani: siku 70 na vifaa vinavyosema ukweli

Siku ya 1

Leo nimetoa makabati kwenye chumba cha nyuma na kushika futi kamba. Urefu mita 4.5, upana mita 3.4, dari mita 2.55. Uwanjani nafika mara mbili kwa mwezi, nikibahatika. Handikapu yangu, yaani mikwaju ninayozidi kiwango cha uwanja, ambayo ikiwa ndogo ndiyo nzuri, imesimama kwenye 19 kwa miaka mitatu, na sioni itakavyoshuka kwa safari mbili tu. Kazi itafanyika humu ndani.

Nafasi nimeigawa hivi: wavu uko sentimita 50 kutoka ukutani, ili ukisukumwa na mpira usifike ukutani; kutoka wavu hadi mpira ni mita 2.4, nyuma ya mpira zinabaki mita 1.6 za kupandishia fimbo. Kabla ya kupiga chochote nimefanya swingi za polepole, yaani mizunguko ya fimbo, nikiifuata ncha ya fimbo kwa macho. Aini namba 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, inapita na kubakiza upana wa kiganja chini ya dari. Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ambayo ina sentimita 114 hivi, imekwangua rangi. Basi draiva haitaingia tena chumba hiki. Mlango nao utafungwa kwa ndani kila nipigapo. Watoto hawabishi hodi.

Ukutani nimeandika kwa chaki: hakinunuliwi kifaa mpaka kosa lijulikane. Stoo kuna sanduku lenye vifaa sita nilivyokusanya miaka yote hii. Kila kimoja nilikinunua kwa sababu ya ahadi iliyoandikwa juu ya boksi. Hakuna hata kimoja nilichokinunua kwa sababu ya kosa nililolipima mwenyewe.

Siku ya 2

Nimelipima.

Kwanza aini namba 7. Nimepaka poda ya miguu, safu nyembamba, kwenye uso wa fimbo, nikachora katikati duara la ukubwa wa sarafu. Mipira 30, na baada ya kila mmoja nimeandika ulikogusa, nikafuta, nikapaka tena. Kazi inachosha, ila poda inafutika kwa kitambaa, na alama inayobaki haina mjadala.

Ndani ya duara: 8. Upande wa kisigino cha fimbo: 15. Upande wa ncha: 5. Chini kabisa ya uso: 2.

Nimeitazama karatasi hiyo muda mrefu. Miaka mitatu nimehangaika na mabega, kiuno na kichwa kisiinuke, kumbe nusu ya mipira yangu inagusa jirani na shingo ya fimbo. Mpira wa kisigino hupoteza nguvu. Ukisogea kidogo zaidi unagonga shingo yenyewe na kuchomoka kulia, karibu ubavu kwa ubavu na mpigaji. Nimetundika mablanketi mawili mazito upande wa kulia wa wavu leo hii hii, kabla sijapiga mpira mwingine. Wanaouza nyavu huonyesha picha za mipira inayokwenda katikati. Mimi ningemshauri mtu yeyote aupange wavu wake kwa ajili ya mpira wake mbaya kuliko yote.

Kisha kuputi, yaani kuusukuma mpira ubingirike hadi shimoni, koridoni kwenye zulia. Hapa nimetaka kipimo chenye maana, nikakaa na karatasi. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Kutoka mita 3, mpira ulioanza safari ukiwa umekosea mwelekeo kwa digrii 1 unafika ukiwa umehama milimita 52, yaani kwenye ukingo kabisa wa shimo. Mpira wenyewe kwa sheria hauwi chini ya milimita 42.67. Kwa hiyo nikiweka lango la milimita 60, sentimita 50 mbele ya mpira, inabaki nafasi ya milimita 8.67 kila upande, nayo ni digrii 1 ile ile. Lango ni vizibo viwili vya chupa nilivyobandika kwenye zulia. Mpira unaopita bila kugusa ungeingia kutoka mita 3 kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) tambarare, kasi ikiwa sawa. Mpira unaogusa usingeingia, au ungeingia kwa bahati.

Mipira 50. Imepita 31.

Siku ya 4

Nimelifungua lile sanduku na kuvigawa vifaa mafungu mawili sakafuni. Vinavyoshika: mkanda wa kufunga mikono ya mbele pamoja, mpira wa kuning'inia shingoni unaobanwa kati ya mikono, na mkeka wa kuputi wenye mfereji unaouongoza mpira. Vinavyosema: kioo cha kuputi chenye mistari, na vijiti viwili vya kulengea. Kimebaki kimoja kilichokataa kukaa fungu lolote, fimbo yenye bawaba shingoni, ambayo hukunjika ukiivuta vibaya. Inasema, lakini inasema tu kwamba kuna kosa, haisemi lipi.

Sijui kama mgawanyo huu utasimama. Ndiyo maana naanza na fungu la kwanza, nione kama nalionea.

Siku ya 6

Sijalionea.

Mipira 20 nikiwa na mkanda mikononi: 13 katikati ya uso. Nimefurahi sana, swingi imejisikia kama ya mtu mwingine. Nimefungua mkanda, nikapiga 20 tena papo hapo: 6 katikati, 11 kisigino. Nimerudia jioni kwa mpangilio uleule, matokeo yakawa karibu sawa.

Jambo hili halikuanza na mimi. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti nyingi za namna watu wanavyojifunza mijongeo ya mwili, wakaonyesha kwamba taarifa za matokeo zinazotolewa kila jaribio humwongoza mtu na kuinua utendaji wakati wa mazoezi, kisha utendaji unashuka mwongozo huo ukiondolewa. Mtu anauegemea. Mkanda wangu uko hivyo hivyo: unafanya kazi ambayo mwili wangu ulipaswa kuifanya, na mwili unauachia.

Mkanda, mpira wa shingoni na mkeka wa mfereji vimerudi stoo.

Siku ya 9

Nimemtumia mwalimu picha ya uso wa fimbo wenye poda na video fupi. Tumeongea kwa simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Vidole vyako vya miguu viko wapi ukifika kwenye mpira?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi kuangalia video, nikaona visigino vyangu vinanyanyuka mapema na uzito wote unakimbilia mbele. Mwili ukisogea kuelekea mpira, fimbo nayo inasogea, na kinachofika kwenye mpira ni kisigino cha fimbo.

Kifaa alichoniambia nitumie ni kipande cha sponji, ukubwa wa tofali dogo. Kinawekwa upande wa pili wa mpira, sentimita 2 kupita ncha ya fimbo inapokuwa imelazwa tayari. Fimbo ikisogea mbele inagonga sponji kabla mpira haujaondoka. Nimekikata kutoka kwenye mto wa zamani.

Mipira 10 ya kwanza nimeigonga sponji mara 8. Kelele yake haina makali, lakini kila mara nimeisikia mwilini. Hakuna kinachonishika. Naweza kukosea nipendavyo, na nitaambiwa.

Siku ya 12

Sponji, poda, sponji, poda. Utaratibu niliouchagua: mipira 5 na sponji, 5 bila, na poda kwenye ile 5 isiyo na sponji tu. Wiki hii katika mipira 30 isiyo na sponji, 12 imegusa katikati.

Siku ya 17

Kiwiko cha kulia, upande wa ndani, kinauma. Kuminya chupa ya maji kunauma. Ni yale maumivu ya kano ambayo madaktari wameyapa jina la mchezo wenyewe, kiwiko cha mcheza gofu, na sababu naijua: mkeka wangu ni mwembamba kama kiatu cha mpira na chini yake kuna saruji. Kila nikichelewa kidogo, fimbo inagonga saruji na mkono unapokea.

Natamani ningeliandika hili siku ya kwanza kwa herufi kubwa. Nilitumia muda mwingi kuchagua wavu na sikuuwaza mkeka hata dakika tano. Ukiwa na uwezo wa kuwa na kitu kimoja kizuri tu katika chumba cha mazoezi, kiwe mkeka. Wavu mbovu unaharibu ukuta, na ukuta unapakwa rangi.

Napumzika kupiga. Kuputi kunaendelea, hakuumi.

Siku ya 26

Siku tisa bila aini. Kiwiko kimetulia. Chini ya mkeka sasa kuna tabaka mbili za sponji ngumu ya sakafuni, na mahali pa kusimama pameinuliwa kwa kiwango hicho hicho. Hilo la pili si dogo: ukiinua mpira peke yake unajifundisha kupiga mpira ulio juu ya miguu yako, na uwanjani utakuta umekaa chini.

Tatizo jingine la mkeka ni kwamba unaficha dhambi. Kwenye nyasi, ukichimba sentimita 5 nyuma ya mpira, udongo unakula nguvu yote na mpira unakufa hapo mbele. Kwenye mkeka fimbo inateleza juu ya nyuzi, inaufikia mpira, na mlio unakuwa mzuri. Mtu anaweza kupiga hivyo mwaka mzima akijisifu. Kwa aini, kitako cha upinde wa swingi kinapaswa kuwa mbele kidogo ya mpira: mpira kwanza, ardhi baadaye.

Kwa hiyo hapa kanuni ya ukutani inaniruhusu kununua, kwa sababu kosa limejulikana. Nimenunua kipande cha mkeka wa manyoya mafupi yanayobadilika rangi yakilazwa upande mmoja. Fimbo ikipita, inaacha mfuto unaoonyesha ilipotua na ilikoelekea. Unaufuta kwa kiganja.

Swingi 10 bila mpira, mstari ukiwa mahali pa mpira: mara 7 nimetua nyuma ya mstari. Kwa taulo lililokunjwa na kulazwa sentimita 10 nyuma ya mstari, ambalo lazima nilikwepe, nimetua mbele mara 6. Taulo lingeweza kufanya kazi hii peke yake, na mtu asiye na mkeka wa manyoya hajakosa kitu kikubwa. Mkeka unaongeza tu habari ya mwelekeo.

Siku ya 29

Simu. Watu wengi huanza nayo na nafikiri inastahili, mradi ujue inaona nini. Yangu inachukua picha 240 kwa sekunde. Kichwa cha aini namba 7 kikienda mita 34 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata kinasafiri sentimita 14. Mguso wenyewe wa fimbo na mpira unachukua kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hivyo simu haiwezi kunionyesha mguso. Poda ndiyo inayouona. Simu inaona mkao, mizani, visigino vinavyonyanyuka, na kwa hayo inatosha kabisa.

Nimeisimamisha kwa urefu wa mikono, mara moja nyuma kwenye mstari wa lengo, mara moja usoni pangu. Ikipandishwa au kushushwa, swingi ile ile inaonekana nyingine. Nimeweka alama za utepe sakafuni ili kila wiki isimame palepale.

Siku ya 34

Leo nimejifunza jambo kubwa kuliko yote kuhusu kuputi, na limetoka kwenye ubao.

Uwanjani juzi nilipungukiwa. Mpira ulishika mstari vizuri, kisha ukasimama nusu mita kabla ya shimo, tena na tena. Nimerudi nyumbani nikiwa na shaka na zulia. Kuna chombo kinaitwa Stimpmeter, alichokibuni Edward Stimpson mwaka 1935 baada ya kutazama mashindano ya US Open pale Oakmont, Marekani, na kushangazwa na kasi ya grini. Ni mfereji wa sentimita 91 wenye kidaka. Mpira unakaa kwenye kidaka, mfereji unainuliwa taratibu, na ukifika kama digrii 20 mpira unajiachia wenyewe. Umbali unaobingirika kwenye eneo tambarare ndio kasi ya grini. Unapima pande zote mbili na kuchukua wastani.

Nimetengeneza wa mbao, mikato miwili iliyounganishwa kama herufi V. Kwenye zulia la koridoni mpira umekwenda mita 3.9. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kupima kwenye grini ya mazoezi uwanjani: mita 2.7. Mwezi mzima nimekuwa nikiufundisha mkono wangu kuputi kwenye barafu.

Nimeligeuza zulia, manyoya yakaelekea kwangu. Sasa ni mita 2.9. Limekaribia.

Hapo hapo nimeelewa kwa nini siupendi ule mkeka wa mfereji wenye kilima kidogo mwishoni. Ili mpira upande kilima lazima uende kwa nguvu kuliko unavyotakiwa, na unarudishwa miguuni pako haraka, unapiga tena bila hata kupumua. Mpira unaofika kwenye katikati halisi ya shimo ukiwa na kasi ya zaidi ya kama mita 1.6 kwa sekunde unaruka juu yake. Ukifika pembeni kidogo, kasi inayovumilika ni ndogo zaidi. Shimo linakuwa dogo kadiri mpira unavyokimbia, na mkeka ule unakufundisha kukimbiza.

Siku ya 36

Lango sasa ni milimita 50. Nafasi kila upande ni milimita 3.67, kama digrii 0.42. Imepita 22 kati ya 50.

Nimeongeza lango la pili, hili la kichwa cha fimbo: vizibo viwili, kimoja kila upande, nafasi ndogo tu ya kupitia. Tiger Woods amejulikana miaka mingi kwa zoezi hili, akitumia tii mbili, vile vijiti vidogo vya kuwekea mpira. Lango la mpira linanieleza matokeo. Lango la fimbo linanieleza sababu. Nikigusa kizibo cha nje nimejua fimbo imetoka nje ya njia, sihitaji kupiga ramli.

Rula ya chuma ya mita moja nayo nimeijaribu: mpira unabingirishwa juu yake hadi mwisho bila kuanguka. Ni nzuri mno, na karibu kila nyumba inayo. Nimeiacha kwa sababu moja tu, watoto wanaihitaji kwa kazi za shule.

Siku ya 41

Namba zimeshikilia palepale, 24 au 25 kati ya 50, siku tano mfululizo. Nimebadilisha mpangilio. Badala ya mipira 50 kutoka mita 3, kila mpira unatoka umbali tofauti: mita 2, kisha 4.5, kisha 1, kisha 3. Aini nayo hivyo, nabadilisha fimbo kila mpira, weji (fimbo ya mipira mifupi ya juu), namba 7, namba 9.

Matokeo ya leo ni mabaya kuliko ya jana. Nilitegemea hivyo. Shea na Morgan mwaka 1979 walionyesha kwamba waliojifunza kazi kadhaa kwa mpangilio uliochanganywa walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, kisha wakawapita wenzao walipojaribiwa baadaye. Mtu anayepiga mpira uleule mara 50 anakuwa hodari wa mpira wa 51. Uwanjani hakuna mpira wa 51. Kila mmoja ni wa kwanza.

Siku ya 48

Nimecheza mashimo 18. Mikwaju 89, baada ya miezi ya kuzunguka 93 na 94. Mpira wa shingo ya fimbo: hakuna hata mmoja. Nilipungukiwa kwenye kuputi mara moja tu.

Kwenye shimo la tano mwenzangu mmoja, kijana anayeanza, alitoa kijiti cha kulengea kwenye mfuko na kukilaza miguuni kabla ya kupiga. Mzee wa kundi letu alimzuia kwa upole: "Mwanangu, kirudishe. Kukibeba huna kosa, kukitumia una kosa." Ndivyo ilivyo. Kanuni ya 4.3 ya sheria za gofu inakataza kutumia kifaa cha kulengea au cha kufundishia swingi wakati wa raundi. Mara ya kwanza ni adhabu ya jumla, mikwaju miwili katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, na mara ya pili ni kuondolewa. Kijana alishukuru.

Siku ya 55

Rafiki ameniazima mashine ya rada ya kupima mpira. Inataka kama mita 2 nyuma ya mpira na nafasi ya kutosha mbele ili iuone mpira ukiruka. Nina mita 1.6 nyuma. Namba zilikuja zikiyumba, mpira mmoja mita 120, unaofuata unaofanana nao mita 141. Nje kwenye uwanja wa mazoezi ilitulia kabisa. Mashine ni nzuri. Chumba changu ndicho hakiiwezi. Mwenye chumba kifupi anayetaka namba atafute ile ya kamera, inayokaa kando ya mpira na kuupiga picha unapoondoka. Mimi nairudisha. Kosa langu bado liko kwenye uso wa fimbo, na poda inaliona bure.

Siku ya 63

Kiwiko kimenikumbusha kidogo baada ya mipira 70 kwa mkao mmoja. Kuanzia leo ukomo ni 40 kwa siku, na siku moja ya kupumzika kati.

Sponji nimeiondoa wiki nzima, kwa makusudi. Inarudi tu poda ikionyesha alama tatu mfululizo upande wa kisigino.

Siku ya 70

Jaribio lilelile la siku ya 2, fimbo ileile, wavu uleule, bila kifaa chochote zaidi ya poda.

Ndani ya duara: 17. Kisigino: 8. Ncha: 3. Chini: 2.

Lango la milimita 60: 46 kati ya 50. Lango la milimita 50: 38.

Alama mbili za chini ya uso hazijasogea tangu mwanzo, na sijawahi kuzigusa. Nadhani ni uzito unaobaki mguu wa nyuma, lakini kudhani ndiko kulikojaza lile sanduku, kwa hiyo kesho nasimamisha simu usoni pangu na kupiga mipira 30 kwanza. Ubao wa V umetundikwa koridoni. Vizibo vimesogezwa hadi milimita 47.